Jina la Kulilia

Jumatatu, 7 Oktoba 2024
Nimefika Ihembe mchana huu na matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, na tayari nimeshagombana na watu wawili. Wa kwanza ni mpishi wa timu, aliyetaka nilale chumba kimoja na taa na nyaya zao. Wa pili ni Privatus, mwongozaji wa filamu, kijana wa Bukoba anayeongea taratibu utadhani yuko wodini. Alisema watoto wameshachaguliwa, kilichobaki ni kuwafundisha wasitazame kamera. Nikamwambia hiyo ni kazi ya asubuhi moja, angeweza kuifanya mwenyewe. Mimi nafundisha watoto kuigiza kama watu wa kazi, na jioni warudi makwao wakiwa wale wale waliotoka asubuhi. Akatabasamu, akasema ndiyo sababu wameniita mimi.

Filamu yenyewe ni ya msichana anayefiwa na baba, kisha baba zake wadogo wanakitolea macho kibanja, ile migomba na kahawa inayozunguka nyumba. Huyo baba wa kwenye filamu anaitwa Ndyamukama. Nimesoma hadithi yote njiani nikitokea Muleba. Kila kitu kinasimama juu ya kilio cha yule mtoto. Akilia vibaya, hakuna filamu.

Nimepata chumba kwa mama mmoja aitwaye Anatolia. Ni mkali. Nadhani tutaelewana.

Ijumaa, 11 Oktoba
Watoto wana vipaji vya kutosha na adabu nyingi mno. Ukimwambia mmoja aingie ndani kwa hasira, anapiga hodi kwanza.

Tumeanza na alama. Naweka jani la mgomba chini, mtoto atembee mpaka asimame juu yake bila kulitazama. Kisha tumefanya kurudia, ambako ndiko kunakowatoa jasho. Mbele ya kamera utakula ndizi zile zile tangu asubuhi mpaka mchana, na mkono uliobeba tonge la kwanza ndio utakaobeba la mwisho, kwenye neno lile lile. Hawa wamelelewa kula kimya na kumaliza. Mmoja alishiba akasinzia.

Aliyenishika ni Adventina. Ana miaka kumi, meno ya mbele makubwa, hana sura ya kuwekwa kwenye bango. Lakini mwenzake akiongea, yeye anasikiliza kweli, na hilo ni gumu hata kwa watu wazima. Kumbe ni mtoto wa kaka yake Anatolia, tunalala nyumba moja. Baba yake, Clavery, amelazwa Mwanza kwa ugonjwa wa ini, na mama yake, Beata, ameenda kumuuguza. Privatus amempa nafasi kubwa bila kusita.

Jumatatu, 14 Oktoba
Mvua kutwa. Tumefanya mazoezi ya sauti ndani, bati likitushinda.

Jumatano, 16 Oktoba
Leo Anatolia kanibana. Alikuwa anachambua maharage ya mbegu, hata hakuinua uso. Aliuliza huyo mtoto atamlilia nani. Nikasema Ndyamukama, wa kwenye filamu. Akasema huku mtu halii kilio cha msiba pasipo maiti. Kilio kikisikika kwenye kibanja, majembe yanawekwa chini mlima mzima, hakuna anayelima mpaka mtu azikwe, na huu ni msimu wa kupanda. Je, tutawalipa watu siku zao?

Ni kweli, hata kwetu Muleba ni hivyo. Jioni wamekaa na mwenyekiti wa kitongoji na Privatus, wakapata njia. Jumapili itatangazwa kanisani, kwa Wakatoliki na kwa Walutheri, kwamba marehemu wa filamu ni Ndyamukama. Atakayesikia jina hilo likililiwa aendelee na jembe lake. Jina lingine lolote ni msiba wa kweli.

Anatolia alikubali kwa sharti moja. Alinifuata mpaka mlangoni kwangu kulisema. Jina la baba wa mtoto lisiguswe katika kilio hicho. Nimeahidi. Niliahidi kwa urahisi kabisa, kwani lilikuwa ombi la haki na ndivyo ninavyofanya kazi siku zote.

Jumapili, 20 Oktoba
Limetangazwa. Watu wakacheka mpaka padri akasubiri. Jovitus, anayeimba besi kwenye kwaya, ndiye amepewa kazi ya kuwa maiti, na tangu leo kila mtu anampa pole.

Jumatano, 23 Oktoba
Nimemfundisha Adventina kulia. Watu hudhani ni kumkumbusha mtoto mambo ya kumtia uchungu. Huo ni uvivu, tena ni ukatili. Kilio kina mwili wake: pumzi tatu fupi, magoti yalegee, mkono wa kulia kifuani, jina litoke wakati pumzi inashuka. Mwili ukifanya hivyo sawasawa, machozi yanafuata yenyewe. Leo yalifuata. Alishangaa, akayagusa.

Kisha nikamfundisha kutoka, ambako ni muhimu kuliko kuingia. Anaosha uso, anasema jina lake, la baba yake, na alichokula asubuhi. "Mimi ni Adventina wa Clavery, nimekula viazi." Anasema huku anacheka. Ndipo naamini amerudi.

Jumatatu, 28 Oktoba
Kamera zimeanza. Mvua imetupa nusu siku.

Namsamehe Privatus mengi. Leo mawingu yalipopasuka ghafla, mwavuli wa kwanza aliukimbiza kwa Adventina, wa pili ndio kwa kamera. Nilikuwa nimemchukulia kuwa kijana wa maneno matamu tu.

Jumapili, 3 Novemba
Beata hupiga simu kila Jumapili. Leo Clavery mwenyewe aliongea. Sauti yake ni nyembamba, inakatika, lakini alimfanya mtoto amweleze filamu yote tangu mwanzo. Adventina alipofika kwenye kifo cha Ndyamukama akaruka kipande hicho, akaenda sini inayofuata. Nilimsikia. Nikashukuru kwamba ana akili hiyo mwenyewe.

Ijumaa, 8 Novemba
Senene. Jioni tuliwasha taa kubwa kwa ajili ya sini ya ua, na senene wakaja wote, nadhani hata wa Kyerwa. Kijiji nacho kikaja, na ndoo, mashuka, vyandarua. Jovitus alifufuka akajaza mfuko. Hakuna aliyepiga picha hata moja, na sijacheka hivi tangu nifike. Adventina alikaa karibu yangu akinyonyoa mbawa, akaniuliza kama Mwanza wapo, ili mama amkaangie baba. Nikasema wapo.

Jumatano, 13 Novemba
Sini ya kilio. Imeshindikana, mvua.

Ijumaa, 15 Novemba
Tumerudia kilio asubuhi yote. Adventina hakukosea hata kidogo. Privatus anasema ni safi lakini ni kavu. Nikamuuliza anataka nini, mbona machozi yapo. Akasema machozi yapo, baba hayupo.

Mchana alinifuata kwenye chai. Kwa ile sauti yake ya wodini akauliza kama naona ubaya kumgusia mtoto kidogo hali ya Clavery. Nikamwambia akirudia neno hilo napanda gari. Aliomba radhi.

Jumamosi, 16 Novemba
Mvua. Kamera ni za kukodi, zinatakiwa zirudi Jumanne. Hakuna anayeongea na mwenzake. Nami nimechoka nao.

Jumatatu, 18 Novemba
Nitaandika kama ilivyokuwa.

Asubuhi mvua ilikatika. Lori la kubeba vifaa lilikwishafika, dereva amelala ndani. Jovitus akalazwa kwenye mkeka sebuleni, Adventina akasimama kwenye alama yake. Tukaanza. Alifanya kila nilichomfundisha, tena na tena, na kila mara Privatus alitazama kioo chake kidogo cha kamera akatikisa kichwa. Watu wote wamesimama matopeni. Baada ya muda waliacha kumtazama mtoto, wakawa wananitazama mimi.

Privatus akanivuta kwenye migomba. Ningependa kuandika kwamba alinilazimisha. Hakunilazimisha. Alisema, "Dada Felicitas, anakuamini wewe tu. Sikuombi umdanganye. Mguse pale panapouma mara moja, kisha umrudishe. Wewe njia ya kurudi unaijua."

Hilo la mwisho ndilo lililonimaliza. Niliona ni kweli. Nikajiona mimi ni fundi.

Nikaenda nikachuchumaa mbele yake. Huku kwetu hakuna anayemwambia mtu baba yako amekufa. Tunazunguka. Tunasema kuna simu, tunasema jikaze, halafu tunanyamaza, na aliyefiwa anamalizia mwenyewe. Nimekulia humo, na yeye amekulia humo. Nikamwambia:

"Adventina mwanangu, kuna simu imetoka Mwanza. Jikaze."

Nikanyamaza. Ni hayo tu. Simu ilikuwepo kweli, Beata alipiga jana kama kawaida yake. Tangu mchana najitetea hivyo, kwamba sikusema uongo. Sasa nimeuandika utetezi wenyewe na nauona unavyonuka.

Alinitazama aone kama nitaendelea. Sikuendelea. Uso ukasawijika. Kisha kikatoka kilio ambacho sikumfundisha mimi wala mtu mwingine. Aliruka mkeka, akatoka nje, akashika njia ya kwao, akimwita baba yake na kumtaja jina, Clavery, Clavery, mpaka sauti ikapasuka. Mpiga picha akamfuata mbio. Hakuna aliyesema kata.

Kijiji kilikuwa kimeambiwa juu ya Ndyamukama. Juu ya Clavery hakuna aliyeambiwa kitu. Majembe yalinyamaza mlimani, nikayasikia yakinyamaza. Wanawake wakaja wamejifunga vitenge kiunoni, mikono kichwani. Wanaume wakaja na kuni begani, kama inavyopaswa, maana msiba unahitaji moto. Anatolia alitokea shambani akikimbia, jembe bado mkononi. Ni kaka yake wa pekee. Alijitupa chini kwenye tope mbele ya mlango wake, na kamera ikamchukua na yeye.

Nilipiga kelele kwamba si kweli, hakuna aliyenisikia. Ilibidi nimshike Anatolia mabega nimtikise. "Yuko hai. Ni filamu. Yuko hai." Akaacha kulia. Akasimama, akatazama kamera, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Watu wakabaki na kuni zao. Mzee mmoja, Ildefonsi, alikuwa amevua kofia. Aliuliza kwa upole kabisa, "Sasa hapa tumemlilia nani?" Akazitua kuni zake pale pale barabarani, akaondoka.

Nikaleta maji, nikamwosha Adventina uso. Nikamwambia baba ni mzima, tulikuwa tunacheza, aseme jina lake. Hakusema. Nikambembeleza. Alikuwa anatetemeka tu, macho wazi. Njia niliyojigamba kuijua inamtoa mtu alikoingia mwenyewe, na huyu hakuingia popote. Nilimsukuma.

Privatus alilia, akamkumbatia, timu nzima ikapiga makofi. Akasema hajawahi kupiga kitu kizuri kama kile. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa kitambo kidogo nilijisikia fahari.

Jumanne, 19 Novemba
Asubuhi tukapiga simu Mwanza. Clavery alikwishapata habari kwamba ameliliwa kwao. Alijaribu kulifanya utani, akisema basi atakuja kula ubwabwa wa msiba wake. Adventina aliishika simu kwa ncha za vidole. Akamuuliza ng'ombe wao anaitwaje. Akatajiwa. Akauliza nani alimshona goti alipoanguka na baiskeli. Akajibiwa, sauti ikikatika. Alisikiliza hadi mwisho, akamrudishia shangazi yake simu.

"Wamemfundisha vizuri," akasema, akaenda kuchota maji.

Anatolia hajanifukuza. Ila tangu jana haniiti tena mwalimu. Ananiita mgeni. Mgeni, chakula tayari. Mgeni, maji yako haya.

Jumapili, 24 Novemba
Padri ametangaza kwamba Clavery yu hai na tumwombee. Wengine walicheka. Adventina hakuwa anamtazama padri. Alikuwa anakagua pembe za dari, moja baada ya nyingine, na nilijua anatafuta kamera.

Ijumaa, 29 Novemba
Timu imeondoka. Siku hizi za mwisho, tukipiga kwa kamera ndogo ya Privatus baada ya zile za kukodi kurudi, zilikuwa rahisi kuliko zote. Adventina anafika kwenye alama bila kuelekezwa, anarudia bila kuchoka, na mpiga picha anasema ni kama kufanya kazi na mtu mzima. Privatus amemwachia kanga na mkoba wa shule, akamwambia Januari kuna kazi nyingine Dar. Aliniaga kwa heshima zote. Nilitamani awe mtu mbaya. Ni kijana mwema aliyepata alichokitaka, na aliyempa ni mimi.

Nimekataa kiti changu kwenye gari. Nimemwambia Anatolia nitabaki mpaka mtoto arudi. Akauliza arudi kutoka wapi.

Jumatano, 4 Desemba
Shule zimefungwa. Kila asubuhi namwambia Adventina mambo ya kweli, madogo madogo. Mvua imekatika. Kuku ametaga. Anajibu, "Sawa, madam." Ndivyo alivyokuwa akijibu nilipomwambia apumue kabla kamera hazijaanza.

Ijumaa, 6 Desemba
Beata amepiga si Jumapili. Aliongea na Anatolia peke yake. Sikuuliza.

Jumatatu, 9 Desemba
Simu ilikuja asubuhi. Anatolia aliipokea akiwa amesimama, akaimaliza akiwa amekaa kizingitini. Hakulia. Alikaa hapo ameshika mdomo. Nilikwishaelewa. Nikataka kumshika mkono, akauondoa.

"Wewe ndiye ulimwambia mara ya kwanza," akasema. "Nenda kamwambie tena."

Adventina alikuwa nyuma jikoni anamenya ndizi. Nilitembea kwenda kule. Nilijua siwezi kusema kuna simu. Siwezi kusema jikaze. Maneno yote ambayo watu wetu wametuachia kwa ajili ya saa hii nilikwishayatumia kwenye filamu. Nikasema lile ambalo huku halisemwi, hasa kwa mtoto.

"Adventina, baba yako amekufa. Amekufa leo, Mwanza. Hakuna kamera. Si filamu. Mimi sikudanganyi."

Akaweka kisu chini. Akafuta utomvu mikononi kwa ukingo wa gauni. Alitazama nyuma yangu, upande huu na upande huu, kisha akanitazama usoni kwa utii ule ule niliokuwa nikimsifia.

"Sawa, madam. Nianze sasa, au tusubiri watu wafike?"

Jumanne, 10 Desemba
Anatolia alipotoa kilio jana, majirani walichelewa. Wa kwanza alisimama barabarani akauliza ni msiba wa kweli au ni ule wa filamu. Walipopata uhakika walikuja wote, na kuni, na wengine wakaona haya kuniona nipo.

Nimekaa na Adventina usiku na mchana. Nimemwambia, nimemwapia, nimepiga magoti. Ananihurumia. Ananiambia nisijali, anakumbuka kila kitu nilichomfundisha.

Jumatano, 11 Desemba
Tumemzika Clavery leo, kwenye kibanja chake, kando ya migomba. Beata alikuja na mwili, amekonda mno, nami nikamtambua kwa ile sauti ya simu tu. Mvua ilisubiri.

Jeneza liliposhushwa, Adventina alilia. Pumzi tatu fupi. Magoti yakalegea. Mkono wa kulia ukaenda kifuani, jina la baba yake likatoka pumzi ikishuka. Hakukosea mahali popote. Mji mzima ukaangua kilio pamoja naye, wanaume wakageuza nyuso, na Beata akambana kifuani akimwambia, lia mwanangu, lia umuage baba. Jovitus alishindwa kuendelea na wimbo. Watu waliokuwa na wasiwasi juu ya mtoto huyu asiyelia waliinua macho juu, wakashukuru.

Ni mimi peke yangu pale kaburini niliyejua kwamba mtoto bado hajalia.

Udongo ulipoanza kuanguka aliinua uso kutoka begani kwa mama yake, akanitafuta katikati ya watu mpaka akanipata. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hata hayo nilimfundisha. Akanikazia macho, akingoja. Naujua mtazamo huo, ni wa mtoto anayeuliza kama imetosha au airudie tangu mwanzo.

Niliogopa kwamba nikikaa kimya angerudia. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba imetosha. Akafuta uso, akanyamaza.